Ukungu kwa Ukungu

Hapa Lukozi tuna neno moja kwa mambo mawili:
ukungu ule unaopanda asubuhi kutoka bondeni,
ukafuta msikiti, ukafuta shule, kisha mbuzi wa jirani;
na ukungu huu unaokaa chini ya jani la nyanya,
mweupe, laini, kama pumzi kwenye kioo.
Wa kwanza huuleta wa pili.
Siku tatu za manyunyu, na shamba zima
limegeuka rangi ya chai iliyomwagika.

Jibu tulikuwa nalo. Lilikaa darini,
chupa yenye fuvu na mstari mwekundu.
Kizibo kimoja kwa bomba, ilisema lebo
kwa wenye kusoma. Hoza alitia viwili,
na cha tatu cha kusindikiza.
Bomba mgongoni, ndala miguuni,
alipita kati ya matuta polepole
kama anayebembeleza mtoto.
Jioni alikula ugali kwa mkono uleule.
Nawa, nilimwambia. Nimenawa, alisema.

Nilishtuka mwaka ule vidole vyake
viliposhindwa na vifungo vya shati.
Tabibu wa zahanati akauliza: unapiga dawa gani?
Akataja nne, bila kukosea hata moja.
Mwaka aliozaliwa Singano, mwanawe, ukampotea.

Ndipo akaja Nakijwa wa utafiti, buti za mpira,
mfuko wa nailoni ameukumbatia kama kifaranga.
Ndani: wali. Wali ulioota ukungu wa kijani.
Nilicheka. Dada, ugonjwa tunao,
hatujaagiza mwingine.
Huu, akasema, unaula ule unaokula miche yako.
Dawa ya moto ni moto, nikamjibu,
kwa ulimi tu. Moyo ulikuwa bado darini.

Nikampa matuta manne, yale mabaya ya karibu na mfereji.
Akachanganya wali wake na samadi iliyopoa,
akatandaza kitaluni.
Akanifundisha kuipa miche nafasi ipitwe na upepo,
kukata majani yanayogusa udongo,
kumwagilia shinani, na asubuhi, siyo jioni,
jani lenye baka ling'olewe siku hiyohiyo, lizikwe mbali.
Kazi, jamani! Bomba ni nusu saa.
Hii ni shingo, kiuno na macho.
Shekiondo akapita njiani, akasimama:
Mama Singano, unazitoa chawa nyanya zako?

Daftari langu (la hesabu la mtoto, kurasa za nyuma):
*Kitaluni, miche mia mbili. Imenyauka saba.
Mwaka jana ilinyauka themanini.
Mei tisa. Ukungu siku ya nne. Tuta la kwanza limekwenda.
Mei kumi na mbili. La pili, nusu.*
Usiku ule nililia. Hilo sikuliandika.
*Mei kumi na tatu. Hoza amepanda ngazi ya darini.
Amekaa huko kitambo.
Ameshuka na kamba za kufungia nyanya.*

Tulivuna matenga matatu.
Shekiondo, kwa matuta manne kama hayo, saba.
Sisemi tumeshinda.
Dalali hana bei ya nyanya isiyonuka dawa;
anatazama ukubwa, anabonyeza, anapita.
Nakijwa kaandika kwake: inatia moyo.
Mimi kwangu nimeandika: tatu.

Ila msimu huu nimetenga matuta kumi,
na wali naupika mwenyewe, nyuma ya nyumba,
kwa sufuria iliyopigwa marufuku jikoni.
Chupa? Bado iko darini.
Sijui kwa kumwaga, na hakuna aliyeniambia.

Asubuhi ukungu ukipanda kutoka bondeni
namsikia Hoza kabla sijamwona,
anahesabu majani kwa sauti, tuta kwa tuta.
Vidole vinatetemeka vilevile.
Lakini jani lenye baka haliulizi mkono mtulivu.
Linauliza mkono uliowahi.